Ekari Ni Moja, Mzingo Si Mmoja

Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue, maana leo kuna hesabu kidogo, na hesabu zenyewe zinagusa mfuko wako. Kama mikono ina kazi, usijali. Nitazitaja nambari polepole na zile za maana nitazirudia.

Leo nazungumzia mzingo, yaani jumla ya urefu wa pande zote za umbo. Ukisimama kwenye pembe ya shamba lako, ukaufuata mpaka wake hadi ukarudi pale pale ulipoanzia, mwendo huo wote ndio mzingo. Na nimechagua tuuzungumzie tukiwa Kangeta, huko Igembe ya Kati, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Wapo watu wa mbali walioijua Kangeta kwa miraa kabla hawajajua kwamba ni mahali penye watu, soko na barabara, kwa sababu jina hilo limekuwa jina la aina ya miraa sokoni. Huko shamba dogo linaweza kusomesha watoto, kwa hiyo kila hatua ya ardhi ina mwenyewe na kila mpaka una macho yanayoulinda.

Mahali ambapo ardhi ina thamani hiyo, kila mtu hujua kuuliza: ni ekari ngapi? Swali ni jema, ila halitoshi. Mimi nataka tuzoee kuuliza na la pili: kulizunguka ni mita ngapi? Familia nyingi huingia gharama zisizo za lazima kwa kuwa swali hilo la pili halikuulizwa mapema.

Sikiliza mazungumzo ya aina inayosikika katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mama anaingia, anasalimu, anasema:

"Nataka seng'enge ya kuzungushia ekari moja. Nipigie hesabu."

Muuzaji kijana anamuuliza, "Mama, shamba lenyewe limekaaje? Ni refu ama ni la mraba?"

"Nimekuambia ni ekari moja, mwanangu. Ekari si ni ekari?"

"Ekari ni ekari, mama, lakini seng'enge haihesabu ekari. Inahesabu pande."

Kijana huyo amesema kweli, na tumfuate kwenye hesabu yake. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Kama shamba la mama ni mraba, kila upande una mita 64 hivi. Pande nne, mara 64, ni mita 256. Lakini tuseme shamba lake ni ukanda mrefu unaotoka barabarani na kuteremka hadi mtoni, upana mita 20, urefu mita 200. Ukizidisha, unapata mita za mraba 4,000, karibu ile ekari moja ile ile. Sasa lizunguke: 200, na 20, na 200, na 20. Jumla ni mita 440.

Narudia. Mraba, mita 256. Ukanda, mita 440. Ardhi ni ile ile kwa ukubwa, mazao yanayoweza kutoka ni yale yale, lakini ua umekaribia maradufu. Ukiweka nyaya tano, mraba unahitaji mita 1,280 za seng'enge na ukanda unahitaji mita 2,200. Kwa roli la mita 480, mraba unamalizwa na maroli matatu, ukanda unataka matano. Nguzo nazo, ukizipanga mita mbili mbili, ni 128 kwa mraba na 220 kwa ukanda. Mama aliyeambiwa na jirani yake kwamba ekari moja inamalizwa na maroli matatu atafika nusu ya mteremko seng'enge imemwishia, na jirani hakumdanganya. Maumbo ndiyo yaliyotofautiana.

Hebu tupitie maumbo ya kawaida, kila moja kwa haraka. Mraba una pande nne sawa: pima mmoja, zidisha kwa nne. Mstatili una urefu na upana: jumlisha viwili hivyo, kisha zidisha kwa mbili. Pembetatu, kama ile ploti ya njia panda, jumlisha pande tatu. Na shamba lenye pembe tano, sita au saba, lililofuata kijito hapa na mti mkubwa pale, halina kanuni ya mkato. Pima kila upande, uandike, ujumlishe. Mtu asikutishe kwamba mpaka wenye pembe nyingi unahitaji hesabu ya chuo kikuu. Kwa mzingo, kujumlisha kunatosha.

Sasa nataka ujaribu jambo moja na watoto nyumbani. Chukua kamba ya mita 12, uifunge ncha kwa ncha, mwite kila mtoto ashike pembe yake. Iunde pembetatu ya mita 3, 4 na 5: ndani mna mita za mraba 6. Iunde mstatili wa mita 5 kwa 1: ndani mna 5 tu. Mstatili wa 4 kwa 2 unakupa 8. Mraba wa 3 kwa 3 unakupa 9. Kisha waambie watoto wasogee nyuma wote kwa pamoja hadi kamba iwe duara: ndani mna kama mita za mraba 11 na nusu. Kamba haikuongezeka hata sentimita moja, lakini nafasi ya ndani imetoka 5 ikafika 11 na nusu. Hakuna umbo linalolishinda duara katika jambo hilo. Wazee wa Meru waliojenga nyumba za mviringo walipata sakafu kubwa kuliko ambayo ukuta wa urefu ule ule ungewapa katika nyumba ya pembe nne.

Kutoka hapo tuingie kwenye jambo zito zaidi: kugawa ardhi.

Historia ya milima yetu imefungamana na hesabu hii. Zamani familia moja ilikuwa na vipande vingi vilivyotawanyika, kimoja huku juu penye baridi, kingine kule chini penye joto. Mwaka 1954 ulitoka mpango uliopewa jina la Roger Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, uliotaka vipande hivyo viunganishwe na wenyewe wapewe hati. Ulitekelezwa katika miaka ya Hali ya Hatari, una machungu yake na kesi zake, na baada ya uhuru kazi ya kuunganisha na kuhakiki ardhi iliendelea. Siutetei mpango ule wala mbinu zake. Lakini hesabu moja ndani yake ni ya kweli kila mahali: chukua ekari moja ya mraba, igawe katika miraba minne, uitawanye. Jumla ya mizingo inatoka mita 256 hadi mita 512. Inakuwa maradufu. Mipaka maradufu ina maana ya ua maradufu na majirani wengi zaidi wa kugombana nao.

Leo tunafanya kinyume cha kuunganisha. Mzee ana karibu ekari mbili, watoto wanne, wa kiume na wa kike, maana sheria ya urithi haiwabagui. Tuseme shamba ni mita 100 kwenda chini na mita 80 kando ya barabara. Mzingo wake mzima ni mita 360. Wanakaa chini ya mti, na mara nyingi uamuzi ni mmoja: kila mtu aguse barabara. Basi shamba linakatwa kanda nne, kila ukanda mita 20 kwa 100. Ndani panapita mistari mitatu ya mita 100. Ukijumlisha ua wa nje na mistari ya ndani, ni mita 660.

Njia ya pili ni kulikata shamba msalaba: mstari mmoja wa mita 100, mwingine wa mita 80. Kila mtoto anapata mita 50 kwa 40. Ua wote ni mita 540, pungufu ya ule wa kanda kwa mita 120. Utaniambia, "Na wale wawili wa nyuma watapita wapi?" Swali la haki kabisa. Wape njia katikati, mita 4 upana, mita 50 urefu, na usogeze ule mstari wa kukata ili wote wanne wachangie njia sawasawa. Njia hiyo itahitaji ua pande zote mbili, kwa hiyo mita 50 zinaongezeka: jumla kama mita 590. Bado umeokoa mita 70 za ua. Njia imekula mita za mraba 200, yaani 50 kwa kila mtoto, lakini kila mmoja amepata kiwanja chenye upana wa karibu mita 40 badala ya mita 20. Katika upana huo nyumba inakaa, zizi linakaa mbali na nyumba, choo kinakaa mbali na maji, na trekta dogo linageuka.

Siwaambii watu wa Kangeta wagawe vipi urithi wao. Mteremko, maji na miraa iliyokwisha kusimama vina sauti yao. Mti wa miraa ulioachwa na babu haukatwi ili mstari unyooke. Ninachoomba ni kwamba kabla ya vigingi kupigwa, mtu achore michoro miwili au mitatu kwenye karatasi, ajumlishe mzingo wa kila mmoja, na ndugu wote waione nambari. Ugomvi mwingi wa mipaka huzaliwa siku ile ya kugawa, kwa sababu watu walikubaliana kwa macho bila kupima. Na ukitokea ubishi juu ya mpaka wenyewe, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inataka jambo lianzie kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa kisheria.

Niwageukie wanunuzi wa ploti, kwa sababu hapa mzingo unaweza kutumiwa kukupunja. Katika soko la ardhi la Kenya kila mtu anajua "hamsini kwa mia". Ni futi, si mita: mita 15.24 kwa mita 30.48. Mzingo wake ni futi 300. Sasa muuzaji anakuletea tepu, anapima upande wa kwanza, futi 50. Wa pili, futi 100. Wa tatu, 50. Wa nne, 100. Kila upande umetimia, na unatoa pesa.

Ngoja kwanza. Pande nne zikitimia, mzingo umetimia, lakini eneo bado halijathibitika. Ploti inaweza kuwa imelala, pembe zake hazikusimama wima. Ikilala hadi pembe moja iwe nyuzi 60, pande zote zitabaki zile zile, mzingo utabaki futi 300, lakini eneo litashuka kutoka futi za mraba 5,000 hadi 4,330 hivi. Umepoteza futi za mraba 670, nafasi ya kutosha kusimamisha nyumba ndogo.

Dawa yake ni rahisi. Pima kutoka pembe hadi pembe inayotazamana nayo, kisha pima zile nyingine mbili. Kwa ploti iliyonyooka ya hamsini kwa mia, vipimo vyote viwili ni karibu futi 112. Vikitoka kimoja 132 na kingine 87, ploti imelala, na bei nayo ishuke, au uondoke zako. Mafundi wa nyumba wanalijua hili kwa njia yao: wanapima tatu upande mmoja, nne upande wa pili, wakipata tano kati ya ncha hizo mbili wanajua pembe imesimama. Ni ile ile pembetatu ya kamba yetu ya mita 12. Na kwa ununuzi wa kweli, mlete mpima ardhi mwenye leseni aje na ramani na kuonyesha bikoni, yaani alama za mpaka. Tepu yako ni ya kukufumbua macho, haichukui nafasi yake.

Duara nalo lina mambo yake. Huwezi kulizunguka kwa kujumlisha pande, kwa kuwa halina pande. Unachukua kipenyo, yaani upana wake ukipita katikati, unazidisha kwa 22, unagawa kwa 7. Tangi la maji lenye kipenyo cha mita 1.4 linahitaji mita 4.4 za wavu kulizunguka. Hesabu hiyo pia inarudi nyuma. Mti wa muuru, ule mti mkubwa wa mbao ambao umebeba jina la Meru duniani, si rahisi kuupima kipenyo bila kuukata. Lakini unaweza kuuzungushia kamba kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, kama watu wa misitu wanavyofanya. Kamba ikisoma sentimita 220, zidisha kwa 7, gawa kwa 22: kipenyo ni sentimita 70. Mwenye mti akijua hivyo, mnunuzi wa mbao hawezi kumtajia kipimo cha kubuni.

Hiyo 22 kwa 7 imetoka mbali. Archimedes, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliipata kwa mizingo. Alichora umbo la pande 96 ndani ya duara na lingine nje yake, akakokotoa mizingo yao, na duara likabanwa katikati. Katika karne hiyo hiyo, Eratosthenes akiwa Aleksandria, nchini Misri, alilinganisha kivuli cha jua la mchana huko na jua lililosimama utosini kule Aswan. Akaona tofauti ni sehemu moja ya hamsini ya duara zima, akazidisha mwendo kati ya miji hiyo miwili kwa 50, na dunia ikawa imepata mzingo wake. Leo tunajua kwamba mzingo huo katika Ikweta ni kilomita 40,075, na mstari wenyewe unapita kusini kidogo ya mji wa Meru. Ukitoka Embu kwa barabara kuu unauvuka kabla hujaingia mjini. Kangeta iko kaskazini ya Ikweta, si mbali.

Kabla sijawafikia walimu, tahadhari mbili za fundi wa ua. Ya kwanza ni mteremko. Ramani na hati hupima ardhi kana kwamba imelazwa tambarare, ilhali seng'enge yako inafuata mgongo wa ardhi. Mahali panaposhuka mita 30 kwa kila mita 100 za ramani, ardhini unatembea zaidi ya mita 104. Kwa hiyo mwenye shamba la Nyambene asinunue waya kwa nambari za hati peke yake. Atembee na tepu chini.

Ya pili ni kuhesabu nguzo. Kwa ua unaofunga, gawa mzingo kwa nafasi kati ya nguzo, na jibu ndilo hilo. Mita 360, nguzo kila mita 2, ni nguzo 180, kwa sababu ya mwisho inakutana na ya kwanza. Lakini mstari ulio wazi, kama ule wa katikati unaogawa ndugu wawili, unahitaji nguzo moja zaidi kama hauanzii wala kuishia kwenye nguzo iliyokuwapo. Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa miti. Watu wa Embu na Meru wanaopanda mgrevilia kwenye mipaka wanaweza kujua kabla ya kwenda kwenye kitalu watachukua miche mingapi.

Nanyi walimu, nawaheshimu sana, na nawaomba jambo moja. Mtoto anaweza kukariri "urefu jumlisha upana, mara mbili" na akapata alama zote, lakini ukimpeleka kwenye uwanja wa shule asijue aanzie wapi. Mtoeni nje. Uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68 unazungukwa kwa mita 346. Na nchi hii ya wanariadha ina mfano ambao kila mtoto anaupenda: njia ya mbio za mita 400. Imeundwa kwa mistari miwili ya mita 84.39 na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.8 pale mkimbiaji anapopimiwa. Waacheni wanafunzi wajumlishe waone 400 inavyotoka. Kisha waulizeni kwa nini mkimbiaji wa njia ya pili husimama mita 7.04 mbele ya mwenzake wa njia ya kwanza. Mtoto akilijibu hilo mwenyewe, amekwisha kuelewa kwamba ukisogea nje ya duara, hata hatua moja, safari inaongezeka.

Mpenzi msikilizaji, ninayo mapendekezo matatu ya wiki hii. Kama una shamba au ploti, tembea mpaka wake mzima pamoja na watoto wako, mmoja akishika tepu, mwingine akiandika. Kwenye daftari la familia, chini ya ile nambari ya ekari, andikeni na nambari ya mzingo, na michoro ya pande zote. Pili, ukienda kununua seng'enge, nenda na mita zako mwenyewe, na usome urefu ulioandikwa kwenye roli kabla ya kulipa. Tatu, kama familia yako inajiandaa kugawa ardhi, chora kabla ya kukata, na jumlisha kabla ya kuchagua. Kalamu na karatasi ni bei ya chai moja, na kigingi kikishapigwa mahali pabaya, gharama yake wataendelea kuilipa watoto wa watoto wako.

Kapime shamba lako.